Mwajiri Wako Si Mchungaji Wako

Kuna fundisho ambalo limekaa mno katika makanisa yetu, na wakati umefika liondolewe madhabahuni. Linasema hivi: mfanyakazi Mkristo akiwa mtiifu, asipouliza maswali, akikaa muda wa ziada bila kudai malipo, akiacha hata ibada kwa ajili ya kazi, Mungu atauona uaminifu wake na kazi yake itakuwa salama. Mwaka unaofuata mtu huyo huyo anakabidhiwa barua ya kupunguzwa kazini, na kanisa lililomfundisha linakosa la kumwambia. Linampa pole, linamwombea, kisha linamwuliza ahadi yake ya ujenzi ataimaliza lini.

Nasema fundisho hilo ni la uongo. Uaminifu wa mfanyakazi kwa mwajiri ni wajibu, lakini wajibu huo una mpaka, na mpaka wenyewe uko kwenye mkataba na katika dhamiri. Uaminifu usio na mpaka Maandiko yameuweka mahali pamoja tu, kwa Mungu. Tukiuchukua na kuupeleka kwa kampuni, tumeabudu sanamu, hata kama sanamu hiyo inalipa mshahara kila mwisho wa mwezi.

Tuanze na neno linalotupoteza. Siku hizi kila mwajiri anawaambia watu wake, "Hapa sisi ni familia." Neno tamu, na wengi wetu limetutoa machozi siku ya sherehe ya kufunga mwaka. Lakini tulipime kwa maisha ya hapa kwetu. Mwaka ambao mpunga umekuwa kidogo, baba na mama wanapunguza nini? Wanapunguza sahani. Wote wanakula kidogo, na mara nyingi mama ndiye anayelala na njaa. Hakuna nyumba hapa Mtawanya ambamo wazazi wanakaa kikao usiku, wanapiga hesabu, kisha asubuhi wanampa mtoto wa nne barua ya kumshukuru kwa mchango wake na kumtakia kila la heri aendako. Kampuni hufanya hivyo, na mara nyingine ina sababu za kweli: soko limeanguka, mkopo umeiva, mashine imechukua nafasi ya mikono kumi. Silaumu kampuni kwa kuwa kampuni. Ninalolikataa ni kampuni kujiita familia siku ya kudai jasho, na kurudi kuwa kampuni siku ya kulipa.

Nchi yetu imeshayaona haya mara nyingi, na tungekuwa na kumbukumbu tusingeshangaa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Watu waliokuwa reli, bandari, posta na ndege, waliojiona wana kazi ya maisha, walijikuta mwajiri wao hayupo tena duniani. Wadai wa Tanzania walikuwa zaidi ya 31,000. Miaka ya 2000 ilipofika, zaidi ya robo karne baadaye, wazee hao walikuwa bado mahakamani wakidai mafao yao, na wengine walikwisha kufa wakisubiri. Hawakuwa wavivu, na wala hawakukosa kuomba. Walikuwa waaminifu kwa jumuiya iliyovunjwa na wakubwa ambao hawakuwauliza wao neno.

Mwaka 2017 tukaona tena. Machi ya mwaka ule serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi. Septemba, kampuni ya Acacia ikatangaza kupunguza shughuli katika mgodi wake wa Bulyanhulu kule Shinyanga, hatua iliyogusa ajira zipatazo 2,000 za wafanyakazi na wa wakandarasi. Unaweza kusimama upande wa serikali katika ugomvi ule, au upande wa kampuni. Nakuuliza jambo jingine: mchimbaji aliyekuwa akiwahi zamu kila siku alikuwa na kosa gani? Hakuwa nalo. Ugomvi ulikuwa wa tembo wawili, naye alikuwa nyasi. Baadaye tembo walipatana, wakaunda kampuni ya pamoja inayoitwa Twiga. Miezi ile ya katikati, ada za shule za mchimbaji hazikusubiri mapatano.

Tuje nyumbani. Mto wetu wa Rufiji umejengewa Bwawa la Julius Nyerere. Mkataba ulisainiwa Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, megawati 2,115 kwa jumla, ilikuwa imekamilika. Maelfu ya Watanzania walifanya kazi pale. Kazi ilipokwisha, ajira za ujenzi nazo zilikwisha. Kwa kule tu kazi kuisha hakuna aliyeonewa, maana bwawa lililojaa halihitaji tena mfunga nondo. Mkataba wa kazi maalumu unakufa siku kazi inapokamilika, na bora ya mfunga nondo ndiyo inayoharakisha siku hiyo. Mtu aliyeujua mkataba wake alijiandaa. Mtu aliyedhani bidii yake imemnunulia nafasi ya kudumu, akachukua mkopo wa miaka mitano juu ya kazi ya miaka miwili, huyo ndiye fundisho letu lilimponza.

Najua watakaonijibu kwa Wakolosai sura ya 3. Pale Paulo anawaambia watumwa wafanye kazi kwa moyo, kama kwa Bwana. Nimesikia mstari huo ukihubiriwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na karibu kila mara mhubiri anafunga Biblia mapema. Endelea kusoma. Kwanza, Paulo anasema wafanye kama kwa Bwana wala si kama kwa wanadamu; maana yake bosi si mpokeaji wa mwisho wa kazi yako, na si yeye mwenye thawabu yako. Pili, geuza mstari uingie sura ya 4, uone mwenye mali anavyoamriwa awape watumwa wake yaliyo haki na ya usawa, kwa kuwa naye ana Bwana mbinguni. Amri ni mbili. Anayehubiri moja tu mbele ya watu ambao wengi wao ni wafanyakazi, na mbele ya waajiri wawili watatu wanaokaa viti vya mbele, ameipima injili kwa mizani ya uongo.

Tumtazame Yakobo kwa Labani, Mwanzo sura ya 31. Miaka ishirini alichunga. Jua la mchana lilimpiga, baridi ya usiku ikamnyima usingizi, mnyama aliyeraruliwa na mwitu akamlipa mwenyewe. Hakuna aliyefanya kazi kwa uaminifu kumpita. Labani naye alikuwa mjomba wake na baba mkwe wake; kama kulikuwa na mwajiri mwenye haki ya kusema "sisi ni familia," ni yule. Akambadilishia ujira mara kumi. Mungu alipomwambia Yakobo arudi kwao, Yakobo hakujiona msaliti. Alifunga mizigo. Na Labani alipomfuatia akilalamika, Yakobo alitoa hesabu zake zote, mwaka kwa mwaka, bila aibu. Huo ndio uaminifu wa Kibiblia: kazi safi, hesabu wazi, na miguu iliyo huru.

Mwingine atasema, "Ukiwafundisha watu hivi, watazembea. Watakuja kazini kusubiri mshahara tu." La hasha. Mkristo anayeiba muda wa mwajiri ni mwizi, na anayechezea mashine ni mharibifu, na kanisa limkemee. Fanya kazi yako hata ukaguzi ukija bila taarifa usitetemeke. Hayo unadaiwa. Lakini yapo usiyodaiwa. Huna deni la kusema uongo kwa ajili ya kampuni, wala kusaini karatasi usiyoisoma. Huna deni la Jumapili zako zote, wala la mgongo wako kuvunjika kwa mzigo ambao sheria ingekupa wasaidizi. Huna deni la kunyamaza mwenzako anapodhulumiwa. Na huna deni la kuomboleza miaka mitatu kwa sababu kampuni imekuacha, kama mjane aliyefiwa na mume. Ilikuwa kazi. Ulilipwa, ulifanya, imeisha.

Kama unadhani natia chumvi, tazama sheria yenyewe inavyoupima uaminifu wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi aliyefikisha miezi 12 ya kazi mfululizo, akipunguzwa, alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliokamilisha, na hesabu inaishia miaka 10. Chukua mtu ambaye msingi wake ni shilingi 15,000 kwa siku, aliyetumika miaka minane: siku 7 mara 15,000 mara 8, ni shilingi 840,000. Aliyetumika miaka 10 anapata 1,050,000. Aliyetumika miaka 20? Kwa kipimo hicho cha chini, ni 1,050,000 vilevile. Miaka 10 ya ziada haikumwongezea hata senti moja. Mwajiri mwema anaweza kutoa zaidi, na makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kuongeza. Lakini hapo ndipo sakafu ilipo. Usiweke roho yako juu ya sakafu nyembamba kiasi hicho.

Sheria hiyo hiyo lakini imeweka haki ambazo wengi wetu tunaziacha zipotee, kwa ujinga au kwa kile tunachokiita upole wa Kikristo. Mwajiri anayetaka kupunguza watu anatakiwa kutoa taarifa mapema, aeleze sababu, na ajadiliane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe: kama punguzo linaweza kuepukwa, nani apunguzwe kwa kigezo gani, na malipo yawe nini. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi isiyopungua siku 28, au alipwe badala yake. Ana haki ya likizo aliyoilimbikiza kulipwa, na ya cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa kutoka mbali ana haki ya kurudishwa alikotolewa, au kulipiwa nauli. Aliyeachishwa isivyo haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini ana siku 30 tu. Ndugu zangu, siku 30 zinaisha haraka ukiwa umekaa barazani ukisubiri bosi akukumbuke. Kwenda Tume si kukosa imani. Paulo alipoonewa alidai haki yake ya uraia wa Rumi, akakata rufani mpaka kwa Kaisari, na hakuna anayemwita mgomvi.

Sasa nigeukie kanisa, maana ndiko kidonda kiliko.

Tumezoea kumwita mtu mbele atoe ushuhuda akipata kazi. Ni vema. Lakini tukisema kupata kazi ni Mungu kumwona, tumesema nini juu ya yule aliyepoteza? Kwamba Mungu amempofukia? Aliyepunguzwa anaketi nyuma akisikiliza, na moyoni anatafuta dhambi yake. Kisha tunamwendea na maneno mepesi: "Mungu amekuandalia kubwa zaidi." Nani alikuambia? Huenda atakachopata ni kidogo zaidi, na Mungu awe pamoja naye katika hicho kidogo. Eliya alikunywa kijito cha Kerithi mpaka kikakauka. Kilikauka kwa ukame. Eliya hakuwa ametenda dhambi. Na alikotumwa baada ya hapo hakukuwa kwa tajiri, kulikuwa kwa mjane mwenye konzi moja ya unga.

Halafu bahasha. Tuseme ukweli, wapendwa: wapo watu katika sharika zetu walioacha kuja ibadani hawakuacha imani, waliikimbia kadi ya ahadi. Mtu aliandika ahadi akiwa na mshahara. Mshahara umekatika, jina lake bado linasomwa miongoni mwa wadaiwa. Anachagua kubaki nyumbani Jumapili kuliko kusimamishwa kwa macho. Wengine wanafanya vibaya zaidi, wanakwenda kwenye mikopo ya kausha damu ili walipe ahadi ya kanisa. Kanisa linalojengwa kwa fedha ya namna hiyo lina tofali la machozi ukutani. Na uongozi je? Tunamchagua mtu kuwa mwenyekiti wa kamati kwa sababu ana ofisi mjini, na kamati inamsahau wiki ile ile anayokabidhi funguo za ofisi. Kwa hiyo kampuni inampunguza mara moja, na sisi tunampunguza mara ya pili.

Katika 1 Samweli sura ya 30 yupo kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua, na bwana wake akamwacha porini, kwa sababu tu aliugua. Siku tatu hakula wala hakunywa. Watu wa Daudi walipomkuta walikuwa na haraka. Mji wao umechomwa, wake na watoto wao wametekwa. Walianza kwa kumpa mkate, maji, kipande cha tini na zabibu kavu. Maswali yalikuja baada ya roho yake kumrudia. Na huyo aliyetupwa na bwana wake ndiye aliyewaonyesha njia ya kuwapata watu wao. Utaratibu wa kanisa kwa aliyepunguzwa kazini uwe huo: chakula kwanza, maswali baadaye, na kisha kumpa kazi ya kuongoza, si kumweka pembeni kama mgonjwa.

Na kabla hatujanyoosha kidole kwa kampuni za mjini, tukumbuke kwamba kanisa nalo ni mwajiri. Yupo mlinzi wetu, yupo mtunza kanisa, yupo mwalimu wa chekechea. Wana mikataba ya maandishi? Michango yao ya NSSF inapelekwa? Au tumewaambia wanamtumikia Mungu, kwa hiyo wasidai? Waumini wenye maduka, nyumba za wageni, mashamba ya korosho na watumishi wa ndani, nanyi jisomeeni Kumbukumbu la Torati sura ya 15. Mungu aliagiza kwamba mtumwa akiachiliwa baada ya miaka sita asiondoke mikono mitupu; apewe kwa ukarimu kutoka katika kundi la mifugo, sakafu ya kupuria na shinikizo la divai. Kiinua mgongo hakikuanzia bungeni Dodoma. Mkristo anayemwondoa msichana wa kazi kwa nauli ya basi tu amevunja amri iliyoandikwa kabla ya nchi hii kuwapo.

Wazee wa Rufiji wana hekima ambayo ingetufaa katika jambo hili. Bonde lina udongo mnono, na maji yakishapungua hulimwa mlao. Lakini kila mtu wa bondeni anajua mto una siku zake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu kupanda juu katika Operesheni Rufiji, na bado mashamba yao yaliendelea kuwa bondeni; msimu ukifika waliteremka, wakajenga dungu, wakalinda mpunga, kisha wakapanda tena. Aprili 2024 maji yalikuja tena Rufiji na Kibiti, yakachukua mashamba na nyumba, yakatukumbusha. Ajira ni bonde. Iteremkie, ilime kwa bidii, ivune kwa shukrani. Nyumba yako ijenge juu: kwa Mungu, kwa jamaa yako, kwa ushirika wa waamini, na kwa kashamba, kaujuzi au kikundi cha kuweka akiba ambacho hakitegemei sahihi ya mtu mmoja.

Kwa hiyo naliomba kila baraza la wazee litakalosoma makala hii liweke mambo manne katika ajenda ya kikao kijacho. La kwanza, ahadi ya muumini aliyepoteza kazi isimamishwe mara moja, bila yeye kuja kupiga magoti, na majina ya wadaiwa yasisomwe tena hadharani. La pili, kila mtaa uwe na mtu mmoja anayejua sheria ya kazi kiasi cha kusoma barua ya kuachishwa, kuhesabu siku 30, na kumsindikiza mwenzake kwenye chama, NSSF au Tume. La tatu, mfuko wa diakonia utenge fungu la chakula kwa nyumba kama hiyo kwa miezi mitatu ya mwanzo, lipelekwe usiku kama itabidi, ili heshima ya baba na mama ibaki mbele ya watoto wao. La nne, watumishi wote wa kanisa wapewe mikataba ya maandishi kabla mwaka haujaisha.

Baraza litakalosema halina fedha kwa haya likumbuke kwamba la kwanza na la pili hayahitaji hata shilingi.